Bakuli la Nane

Wasomaji wangu mliofika wiki hii mkanikuta katikati ya balaa, sogeeni, nafasi ipo. Mimi ni Vernelle Mungin wa Cutler's Bluff, mji wetu mdogo pwani ya Georgia, ambao mpaka juzijuzi hakuna aliyekuwa na haja nao ila mbu na wanunuzi wa kamba wa baharini.

Mpangaji wangu, Bi Corinne, alikaa chumba changu cha nyuma miezi minane. Akala wali wangu, akanisifia mkono wangu wa jikoni, akaondoka, akaandika kitabu. Mji mzima ukajikuta humo ndani. Shemasi Rufus na yule mjane wake wa ng'ambo ya daraja wamo. Wigi la mama mchungaji limo. Majina yalibadilishwa, lakini wigi ni lile lile.

Watu wakauliza: nani kamtobolea? Vidole vyote vikaja kwangu, maana ndiye niliyempangisha. Basi nikasimama kanisani mbele ya watu nikasema si mimi, ni Ernestine Fripp. Rafiki yangu wa miaka arobaini. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na woga tu, na woga ukisimama kanisani unaongea kwa sauti kubwa kweli.

Wiki iliyopita niliwaacha simu imenidondoka mkononi. Marietta, mwanangu, alikuwa amenipigia kuniambia kitabu kinafanywa filamu, hapa hapa kwetu, na yeye kachaguliwa kuigiza. Ataigiza yule mama kijana anayekufa maji na kuacha kitoto cha miezi minne.

Marietta sikumzaa mimi. Alizaliwa na mdogo wangu, Delphine, aliyekufa maji mtoto akiwa na miezi minne. Hilo mji mzima unalijua. Marietta mwenyewe analijua, na kila mwaka tunakwenda gatini kutupa maua. Mimi ndiye niliyemlea, ni mimi anayeniita Mama, na kwangu hakuna neno duniani linalolizidi hilo. Ndivyo nilivyowaambia nyie pia, wiki sita mfululizo.

Haya. Kama una kikombe cha kahawa mkononi, kiweke chini.

Watu wa filamu waliingia na magari kumi na moja. Siku ya kwanza wakaukagua mji, wakakunja uso. Wakasema haufanani na mji wa Kusini.

"Sasa unafanana na wapi?" akauliza Mzee Purvis, mwenye duka la chambo.

Wakaleta ndevu za miti za plastiki, mfano wa zile nyuzi za kijivu zinazoota matawini, wakazining'iniza kwenye mialoni yetu, eti zile za Mungu hazitoshi. Kanisa letu akina mama tulikuwa tumetoka kulipaka rangi mwezi wa tatu. Wakaja mafundi wakalichakaza kwa msasa siku mbili mpaka likaonekana limetelekezwa, wakapiga makofi.

Mzee Purvis aliambiwa hawezi kuigiza mwenye duka la chambo kwa sababu hana sura ya mwenye duka la chambo. Akaletwa mwigizaji kutoka California. Kazi ya Mzee Purvis ikawa kumfundisha yule bwana kutema mate.

"Hawezi," Mzee Purvis akaniambia kwa uchungu. "Siku tatu, Vernelle. Yanamdondokea kidevuni."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka wiki hiyo.

Mimi nilipewa kazi ya kupika. Kuna tukio la msiba, meza inatakiwa ijae vyakula vya majirani, na msimamizi wao mkuu, mama mmoja mwembamba aitwaye Bi Sloane, aliambiwa hakuna anayejua chakula cha msiba kama mimi. Ni kweli, hakuna. Kwetu mtu akifa, kabla hata maiti hajaoshwa, kibaraza kimejaa mabakuli. Makaroni na jibini, kuku wa kukaanga, wali mwekundu, viazi vitamu. Na kila bakuli chini yake limebandikwa kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe.

Jina hilo si pambo. Bakuli lenye jina lazima lirudi kwa mwenye jina, limeoshwa, kwa mkono wako mwenyewe, unasimama mlangoni kwake unamshukuru. Usiporudisha bakuli la mtu kwetu, bora uhame.

Jumatatu asubuhi Bi Sloane akanikabidhi karatasi. "Hii hapa orodha ya mabakuli, Bi Vernelle. Majina tumeshayaandika. Tukio la msiba tunapiga Ijumaa. Alhamisi tunapiga lile la binti akiondoka nyumbani."

"Akiondoka kwenda wapi?" nikauliza. "Si anakwenda gatini kufa?"

"Kitabuni ndiyo. Kwenye filamu tumebadilisha kidogo."

Nikaanza kusoma orodha. Bakuli la kwanza, kuku. La pili, makaroni. Nikashuka nayo mpaka la nane.

Bakuli la nane: la bluu, pudini ya mkate, kona imebanduka. Selotepu chini: DELPHINE.

Haki ya Mungu nilishika meza. Bi Sloane akaniuliza kama nimepata joto. Nikamwambia ndiyo, joto, wakati mikono yangu ilikuwa baridi mpaka kwenye viwiko.

Maana bakuli hilo lilikuwepo. Na duniani watu wawili tu ndio tuliolijua. Mimi, na Delphine.

Sasa nisikilizeni, na mkitaka kunitukana mnitukane nikimaliza. Nimewadanganya. Mdogo wangu hakufa maji.

Delphine aliondoka asubuhi moja ya Aprili, miaka ishirini na sita iliyopita, kwa basi la Atlanta, kutafuta kazi. Baba wa mtoto alikuwa ameshatokomea. Akaniachia mtoto, akasema miezi mitatu tu, Dada, nitarudi kumchukua. Na juu ya jiko akaniachia bakuli la pudini lenye jina lake chini. Hakuniachia barua. Hakuwa na haja nayo, kwetu kila mtu anajua kusoma bakuli. Maana yake: hiki changu kiko kwako, na kitarudi kwangu.

Mimi nilikuwa nimeharibikiwa mimba tano. Tano! Nilikuwa na kitanda cha mtoto ambacho hakijawahi kulaliwa. Usiku ule wa kwanza yule mtoto alilala kifuani kwangu, na kufikia asubuhi nilikuwa nimeshajua kwamba simrudishi kwa mtu.

Nikachukua viatu vya Delphine alivyoviacha chini ya kitanda. Nikavipeleka gatini nikavipanga pembeni, kimoja kando ya mwenzake. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikasubiri mtu avione.

Walimtafuta siku nne. Siku ya tano mabakuli yakaanza kuja. Kumi na matatu yalikuja na majirani, mimi nikawa na la kumi na nne. Usiku nikakwangua ile selotepu kwa kisu cha mboga, nikalificha bakuli nyuma ya kabati. Asubuhi nikatoka kibarazani kupokea pole. Nikala kuku wao. Nikarudisha mabakuli yao moja moja, mlango kwa mlango, nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli, msiniulize yalitoka wapi.

Ndiyo siri yangu. Na sasa imeandikwa kwa mashine kwenye karatasi, namba nane.

Nilijua lazima nimwambie Marietta kabla ya Alhamisi, kabla hajaigiza kwa mwili wake kitu ambacho mimi nilikificha. Akisikia kwangu, huenda nikabaki mama yake. Akisikia kwa watu wa filamu, nimekwisha. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa.

Je, nilikwenda kwake Jumatatu hiyo hiyo? Sikwenda. Nilijiambia kwanza nimjue aliyetoboa siri yangu. Ndivyo tulivyo wengine, nyumba inaungua, sisi tunatafuta nani kawasha kiberiti.

Jumanne asubuhi nikavuka barabara kwa Ernestine.

Alikuja mpaka kwenye mlango wa wavu akasimama nyuma yake. Hakuufungua. Mezani kwake niliona jagi la chai ya baridi na glasi mbili, jasho linatiririka juu ya jagi, na hakunikaribisha. Miaka arobaini sijawahi kusimama nje ya mlango ule.

"Ernestine," nikasema. "Nani alikwambia habari ya bakuli?"

"Bakuli gani?"

"Usijifanye. Bakuli la Delphine. Mpangaji wangu kakaa na wewe, ukamwambia."

"Vernelle, mimi yule mama nilimpa njia ya kwenda posta. Basi." Akainamisha kichwa kunitazama vizuri. "Bakuli la Delphine gani? Delphine si alikufa maji?"

Loh! Mdomo wangu. Nilikuwa nimeshaianika siri yangu mwenyewe, saa tatu asubuhi, nikiwa na nguo za jikoni.

"Basi, sahau," nikasema.

"Nisahau? Ulinisimamisha kanisani mbele ya wajukuu wangu. Ukaniita mmbea. Mama mchungaji mpaka leo akiniona anashika wigi lake. Halafu unakuja kunigongea kuniambia nisahau?"

"Ernestine, mpenzi wangu, nilikosea."

"Mpenzi wako yuko nyumbani kwako. Mwulize huyo." Sauti yake ilitulia, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kila Jumatano ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Hosea na mpangaji wako walikaa pale kibarazani mpaka taa za barabarani zinawaka. Mimi nawaona kutoka hapa. Yeye anaandika, mumeo anaongea."

"Hosea haongei."

"Kwako," Ernestine akasema. Akafunga na ule mlango wa mbao.

Hosea Mungin, mume wangu. Fundi wa injini za boti za kamba, mwanamume ambaye siku ya harusi yetu mchungaji alimwuliza mara mbili ndipo akasema ndiyo. Nilirudi nikamkuta kibarazani na ndoo ya kamba katikati ya magoti, anawakata vichwa.

"Ulimwambia Corinne," nikasema.

Akakata kichwa kimoja. Akakata kingine.

"Hosea!"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Yote. Ya Rufus, ya wigi. Ya bakuli."

Nilikaa kwenye ngazi. "Ya bakuli wewe umeyajulia wapi?"

"Nilikuona ukikwangua," akasema. "Nilikuwa nimeamka kunywa maji. Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikwangua, ukapuliza, ukakwangua tena. Nikarudi kulala."

"Ukarudi kulala! Miaka ishirini na sita umerudi kulala?"

"Nilikuwa nangoja uniambie, Vern."

"Na ya viatu?"

"Delphine alikuwa na viatu jozi mbili. Nilimpeleka mwenyewe kituo cha basi. Jozi moja alikuwa ameivaa." Akainua macho. "Ulidhani nani alimbebea begi?"

Nyie! Nimeishi na mtu huyu. Nimemfulia, nimemwuguza, nimemkata kucha za miguu alipofanyiwa upasuaji wa moyo mwaka juzi. Usiku nilikuwa nalala nikichunga ulimi nisije nikaota kwa sauti, kumbe aliyelala ubavuni anajua kila kitu na anakoroma.

"Mimi mkeo ukaninyamazia," nikamwambia. "Mpangaji, mtu wa kuja na masanduku mawili, ndiye ukamfungukia. Kwa nini, Hosea? Kwa nini yeye?"

Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Aliniuliza," akasema.

Nilitaka kumpiga na ndoo. Haki nilitaka. Lakini akatazama saa ya ukutani kupitia dirishani, akasema kitu kingine.

"Kama unataka kumwambia mtoto, kimbia. Tukio halipigwi Alhamisi tena. Wamelileta leo, saa nne. Nyumbani kwa marehemu Bi Lavinia."

Saa nne kasorobo. Nyie, nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, aproni kiunoni, nimekimbia barabara ya kanisani watu wananiangalia. Nilikuwa namwomba Mungu dakika tano tu. Dakika tano peke yangu na yule mtoto, nimshike mikono, nimwambie kwa mdomo wangu.

Nyumba ya Bi Lavinia ilikuwa imejaa. Nyaya sakafuni, taa, watu. Nusu ya mji walikuwa wamekodiwa kuwa majirani. Shemasi Rufus alikuwa ameketi na kofia magotini. Mzee Purvis alikuwepo, hatimaye wamempa nafasi ya kusimama dirishani bila kusema kitu.

Na jikoni, mbele ya kamera, Marietta.

Walikuwa wamemvika gauni la njano. Nywele wamemfunga nyuma kama Delphine alivyokuwa akifunga. Mikononi ana bakuli la bluu, analiweka juu ya jiko taratibu, kona iliyobanduka ikitazama ukutani. Halafu akainama juu ya kitoto kwenye kikapu, akakibusu.

Sikumwona Marietta pale. Nilimwona mdogo wangu.

"Simamisheni!" nikapiga kelele.

Bi Sloane akanyanyua mkono, watu wake wakatulia. Hakunifokea. Nilipaswa kujiuliza kwa nini hakunifokea.

"Mama," Marietta akasema. "Kuna nini?"

"Twende nje, mwanangu. Dakika moja tu. Nina neno na wewe."

"Sema hapa."

"Marietta, tafadhali."

"Hapa, Mama. Sema hapa hapa."

Kila mtu ananitazama. Nikatazama mlango, nikatazama gauni lile la njano. Nikaona nikitoka pale bila kusema, sitasema tena maisha yangu yote.

"Mama yako hakufa maji," nikasema.

Nikaendelea kabla mtu hajanizuia.

"Alipanda basi. Alikwenda Atlanta kutafuta kazi. Alisema atarudi kukuchukua. Viatu gatini niliviweka mimi, kwa mikono hii. Nilikutaka, mwanangu. Nilikutaka mpaka nikachanganyikiwa. Nisamehe."

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Purvis, kule dirishani, ambaye hakutakiwa kusema kitu.

"Vernelle," akasema. "Mimi nilipiga mbizi siku nne. Maji ya Aprili. Sikio hili la kushoto halisikii mpaka leo."

"Najua, Mzee Purvis."

"Siku nne, Vernelle! Nilikuwa napapasa matopeni nikiomba Mungu nisimguse, na huku nikiomba nimguse."

"Mke wangu alipika kuku watatu," Shemasi Rufus akasema, akasimama, akavaa kofia yake ndani ya nyumba, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Tulikula msiba wa mtu aliye hai. Na sala ya kufungua chakula niliisali mimi."

Nilikuwa namtazama Marietta. Nilitegemea kilio, nilitegemea kofi. Hakufanya chochote kati ya hivyo. Alivuta kiti cha jikoni akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Endelea," akasema.

"Ndiyo hayo, mwanangu. Ndiyo yote."

"Alisema atarudi kunichukua. Mbona hakurudi?"

"Labda maisha ya mjini. Sijui. Labda alipata—"

"Mama. Barua."

Nyie wasomaji wangu, hata nyie hili sikuwa nimewaambia. Nilipanga kufa nalo.

"Barua gani?" nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

"Uliyomwandikia mwezi wa sita, kwenye anwani aliyokutumia. Ilisema nini? Waambie. Purvis anataka kusikia, na sikio moja alilonalo linafanya kazi."

Kuna watu labda wangekataa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimechoka. Miaka ishirini na sita inachosha.

"Ilisema mtoto amekufa," nikasema. "Kwa homa. Ilisema tumeshazika na asijisumbue kuja."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema "Yesu wangu" polepole. Nikageuka. Alikuwa Ernestine, amesimama mlangoni, na uso wake haukuwa na furaha hata kidogo. Bora angefurahi.

"Aliandika kujibu," Marietta akasema. "Hukuiona hiyo barua kwa sababu Baba aliipokea yeye. Aliificha kwenye sanduku la spana. Mwaka juzi, usiku wa kuamkia upasuaji, akidhani hatoki mzima, akanipa mimi." Akavuta pumzi. "Ina anwani. Nilikwenda. Alipofungua mlango alinitazama akaniambia, binti, umepotea nyumba? Ikabidi nimwambie mimi ni nani. Alikaa chini sakafuni pale pale mlangoni."

"Mwaka juzi?" nikasema. "Unajua tangu mwaka juzi?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona ulikuja Krismasi? Mbona tulikwenda gatini na maua?"

"Nilikuwa nakutazama ukiyatupa," akasema. "Kila mara nikajiambia, safari hii atasema. Ukayatupa vizuri tu. Ukanishika mkono, ukasali."

Nyumba nzima ilikuwa inajua. Mume anajua, mtoto anajua, mpangaji anajua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikificha. Nilikuwa nafunga mlango ambao kila mtu alikuwa ameshapita, na hakuna hata mmoja aliyenigusa bega akaniambia Vernelle, acha, tunajua. Walinitazama nikihangaika.

Nasema nilisalitiwa. Mtaniambia nilistahili. Inawezekana. Lakini kustahili hakupunguzi maumivu, mlio na waume na watoto mnanielewa.

"Mwanangu," nikasema, nikapiga hatua kwenda kwake. "Nimekulea. Mimi ndiye niliyekesha na wewe. Hilo si uongo."

"Si uongo," akakubali.

"Basi niambie tu. Niambie mimi bado ni nani kwako."

Akainuka. Akanitengenezea kile kiti alichokalia, akakisogeza nyuma yangu kwa adabu, kama nilivyomfundisha kuwafanyia wakubwa.

"Kaa chini," akasema. "Unatetemeka. Kaa chini, mama mkubwa."

Nilikaa. Nisingeweza kufanya kingine. Miaka ishirini na sita nimeitwa Mama, jikoni, kanisani, kwenye simu, akiwa na homa, akiwa na hasira, na sasa nimewekwa mahali pangu mbele ya mji mzima, kwa heshima zote, na heshima yenyewe ndiyo iliyonikata.

Nikalia. Hakuna aliyenipa hata kitambaa.

Ndipo Bi Sloane akaja, akachuchumaa mbele ya kiti. Sauti yake ilikuwa laini kama ya muuguzi.

"Bi Vernelle, pole sana," akasema. "Nataka ujue hatutatumia chochote bila ruhusa yako. Lakini kamera haikuzimwa."

Sikumwelewa. Nikatazama juu ya bega lake. Ile taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka, na jicho la kamera lilikuwa limenielekea mimi, si jiko.

"Tungependa iwe ndiyo mwisho wa filamu," akasema. "Ninyi wawili, kama mlivyo. Ni sahihi yako tu inayotakiwa."

Akaniwekea karatasi mapajani, na kalamu juu yake. Ilikuwa imeandikwa majina yetu. Vernelle Mungin na Marietta Mungin, wanakubali kupigwa picha wakizungumzia kifo kisichotokea cha Delphine.

Chini palikuwa na mistari miwili. Wa kwangu ulikuwa mtupu. Wa Marietta ulikuwa umeshajazwa, kwa ule mwandiko wa duara niliomfundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni.

Nikamtazama. Naye akanitazama, ndani ya gauni lile la njano, bila kupepesa.

Nikaangalia tena pale aliposaini. Pembeni palikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa ya jana.